Ukavu, muwasho na "UTI sugu" baada ya hedhi kukoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa mama akiwa ameshasimama na mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Kapimwa presha, kaandikiwa dawa, halafu anageuka: "Nesi, kuna na hiki kingine." Nimeyakusanya hapa, na nimeyajibu bila mafumbo. Mafumbo ndiyo yanayofanya mtu atibiwe fangasi miaka mitatu wakati hana fangasi.

## Mwanzo wa mambo

1. Nitajuaje kuwa hedhi imekoma kweli, haijachelewa tu?

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo hujaiona, na hakuna sababu nyingine kama mimba au sindano ya uzazi wa mpango. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla yake kuna kipindi cha mpito cha miaka kadhaa: mwezi huu inakuja, miwili inaruka, kisha inatoka nyingi kuliko ulivyozoea. Ukavu na muwasho vinaweza kuanza ndani ya mpito huo, hedhi ikiwa bado inaonekana.

Ikikoma kabla ya miaka 40, nenda hospitali usingoje. Mifupa na moyo navyo vinaitegemea homoni ya estrojeni (swali la 2), kwa hiyo hilo si suala la uke peke yake. Waliofanyiwa upasuaji wa kizazi wasome swali la 12, maana wao hawawezi kuhesabu kwa hedhi.

2. Kwa nini uke unakauka?

Homoni ya estrojeni ndiyo inayoifanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, laini, yenye mikunjo na yenye damu ya kutosha. Chembe za ngozi hiyo huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni. Humo ndani wanaishi bakteria wazuri, laktobasili, ambao maisha yao yanategemea sukari hiyo. Wakiitumia hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo mlinzi wa mlango: kwa mwanamke anayepata hedhi, pH ya uke (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) huwa kati ya 3.8 na 4.5.

Estrojeni ikishuka, ngozi inakuwa nyembamba, sukari inapungua, laktobasili wanakosa chakula, pH inapanda hadi kupita 5. Bakteria wa njia ya haja kubwa, ambao zamani wasingethubutu kukaa pale, wanapata nafasi. Na kwa kuwa kibofu na mrija wa mkojo navyo vinaitegemea estrojeni hiyohiyo, mkojo nao unaanza vituko: kubanwa ghafla, kwenda chooni mara kwa mara, kuhisi moto.

Mwaka 2014 vyama vya wataalamu Marekani viliamua dalili hizi za uke na za mkojo ziitwe kwa jina moja, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja. Kwa Kiswahili watu husema "ukavu", na neno hilo nitalitumia, lakini ndani yake mna muwasho, kuchomachoma, maumivu wakati wa tendo la ndoa na hayo ya mkojo.

3. Si itapita yenyewe, kama joto la ghafla lilivyopita?

Hapana. Joto la ghafla kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ukavu huendelea, na usipotibiwa mara nyingi huzidi. Karibu nusu ya wanawake waliokoma hedhi wanazo dalili hizi, lakini wanaozisema ni wachache.

## Fangasi, UTI na harufu

4. Nimetibiwa fangasi mara tano na muwasho unarudi. Kwa nini?

Mama mmoja wa miaka 58 alikuja na mfuko wa rambo. Aliumwaga mezani: maboksi ya krimu ya klotrimazoli, vidonge vya kuweka ukeni, karatasi tupu za flukonazoli, na metronidazoli ambayo aliongezewa "kwa usalama". Vyote vya miaka miwili. Nikamuuliza ni nani amewahi kumwangalia. Akanijibu, "Kuniangalia wapi?" Hakuna. Kila mara alikuwa akieleza dirishani kwa sauti ya chini, na dawa inapitishwa dirishani.

Ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba fangasi wa ukeni hustawi pale penye estrojeni. Hedhi ikishakoma, fangasi hupungua. Hawatoweki kabisa, ila mama asiyetumia homoni, asiye na kisukari, ambaye hajatumia antibiotiki karibuni na ambaye kinga yake iko sawa, kwa kawaida hapati fangasi kila mwezi. Muwasho ukirudi namna hiyo, swali si "dawa gani kali zaidi" bali "je, ni fangasi kweli?" Mara nyingi ni ukavu wenyewe. Wakati mwingine ni sabuni (swali la 7), ni sukari ambayo haijapimwa (swali la 11), au ni ugonjwa wa ngozi unaoacha weupe (swali la 21).

Yule mama alikuwa na ukavu tu. Ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba, na krimu zote zile zilikuwa zikiichoma zaidi. Omba uangaliwe kwa macho na uchukuliwe kipimo cha ute kabla ya kununua boksi la sita.

5. Nimeambiwa nina "UTI sugu". Ni kweli?

Inawezekana. Maambukizi ya mkojo huhesabiwa kuwa yanajirudia yakitokea mara mbili ndani ya miezi sita au mara tatu ndani ya mwaka, na vizuri yathibitishwe kwa kuotesha mkojo maabara. Kikaratasi cha kuchovya peke yake hakitoshi.

Jiulize moto unausikia wapi. Ukiusikia ndani, chini ya kitovu, na mkojo una haraka, huenda ni maambukizi. Ukiusikia nje, pale mkojo unapogusa ngozi, basi huenda ngozi ndiyo inayolalamika na mkojo hauna kosa.

Kuna na hili linalowachosha wengi: bakteria kuonekana kwenye mkojo wa mwanamke mtu mzima asiye na dalili yoyote. Ni jambo la kawaida na kwa wengi halihitaji dawa. Ukipewa antibiotiki kila kipimo kinapoonyesha bakteria, unaua laktobasili wachache waliobaki na kuwafundisha wale wabaya kuizoea dawa. Kama maambukizi yanajirudia kweli, estrojeni ya ukeni (swali la 15) hupunguza kurudi kwake, kwa sababu inarudisha ile asidi. Maji ya kunywa ya kutosha nayo yanasaidia.

6. Harufu imebadilika. Nina ugonjwa?

Harufu kidogo tofauti ni kawaida pH inapopanda. Harufu ya samaki, uchafu wa kijani au njano, au majimaji yenye damu si kawaida. Nenda upimwe, na usikatae kupimwa magonjwa ya zinaa kwa sababu ya umri. Trikomonasi haiangalii mvi. Na kagua jambo dogo: mkojo unaovuja kidogokidogo na kukaukia kwenye nguo ya ndani unatoa harufu ambayo wengi huipa uke lawama.

## Ya nyumbani

7. Nijisafishe na nini?

Maji. Nje tu, mara moja au mbili kwa siku. Ndani hakusafishwi, hata kwa maji, hata kwa kidole.

Najua hili halikubaliki kirahisi, hasa kwetu Pwani ambako usafi ni heshima ya mtu. Lakini ngozi ya miaka 55 si ile ya miaka 25. Sabuni, Dettol, siki, ndimu, maji ya karafuu, vitambaa vyenye marashi, vyote vinaondoa ule unyevu kidogo uliobaki. Mtu akihisi muwasho anaosha zaidi, akiosha zaidi anawashwa zaidi, na mzunguko hauishi. Sabuni ya kufulia nguo za ndani nayo isuuzwe vizuri.

Udi je? Fukiza khanga, fukiza shuka, fukiza chumba chote ukipenda. Kinachodhuru ni kukalia chetezo bila nguo, moshi na joto viende moja kwa moja. Nimeona malengelenge ya moto kwa mama aliyefanya hivyo maisha yake yote bila shida, mpaka ngozi ilipopungua unene.

Kitu kimoja kinachosaidia leo hiihii: acha vyote kwa wiki mbili, vaa pamba, lala bila nguo ya ndani. Baadhi ya "fangasi sugu" huishia hapo.

8. Shoga yangu kaniambia nitumie shabu ili nibane. Inafaa?

Shabu hukausha. Ndiyo kazi yake. Uke uliokoma hedhi haujalegea kama watu wanavyodhani. Mara nyingi umekuwa mfupi na mwembamba zaidi, na shida yake ni kukosa unyevu. Kuubana kwa shabu, tumbaku au vijiti ni kuuchubua, na michubuko ni mlango wa maambukizi, ikiwamo VVU. Walezi wa unyago wanaheshimika, ila mafundisho yao mengi yalilenga mwari, si bibi.

9. Na mafuta ya nazi?

Kwa kulainisha ngozi ya nje, mafuta safi yasiyo na marashi huwafaa wengi. Tahadhari ni moja na ni kubwa: mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya mgando, ya mtoto, huozesha mpira wa kondomu za kawaida na zinapasuka. Anayetumia kondomu atumie jeli ya maji au ya silikoni.

Tofautisha vitu viwili. Jeli ya kulainisha hutumika wakati wa tendo lenyewe na kazi yake inaishia hapo. Jeli ya unyevu huwekwa ukeni mara mbili au tatu kwa wiki, tendo liwepo lisiwepo, kama mtu anavyopaka losheni mwilini. Chagua isiyo na rangi, ladha, marashi wala ile "ya kupasha joto". Mate hukauka haraka mno, usiyategemee.

10. Sigara, chakula, soya?

Sigara ina ushahidi wa wazi: wavutaji hukoma hedhi mapema kwa mwaka mmoja hadi miwili hivi, na damu inayofika kwenye ngozi inapungua. Soya ni chakula kizuri, lakini kwa ukavu wa uke faida yake haijathibitika. Mtindi unywe, usiuweke ukeni, na kitunguu saumu kibaki jikoni.

## Dawa na maradhi

11. Kuna dawa ninazokunywa zinazoongeza tatizo?

Zipo, na daktari huenda hakukutajia. Vidonge vya mzio na vya mafua vinavyokausha pua hukausha na kwingine. Amitriptilini, inayotolewa kwa usingizi na maumivu ya mishipa, vilevile. Dawa za saratani ya titi kama anastrozoli na letrozoli huzima karibu estrojeni yote iliyobaki mwilini, na ukavu wake ni mkali (swali la 17).

Kisukari kina mambo mawili. Sukari ikiwa juu, fangasi wanapata karamu. Halafu kuna vidonge vipya, empagliflozini na dapagliflozini, vinavyofanya kazi kwa kutoa sukari kupitia mkojo. Ni dawa nzuri kwa moyo na figo, ila fangasi wa sehemu za siri ni madhara yake yanayojulikana. Hapo fangasi ni fangasi kweli. Usiache dawa mwenyewe; mwambie aliyekuandikia.

12. Nilitolewa kizazi. Mimi niko wapi?

Inategemea kilichotolewa. Kizazi peke yake kikitolewa na ovari zikaachwa, hedhi haipo lakini estrojeni ipo, na ukomo wako utaujua kwa dalili nyingine. Ovari zote mbili zikitolewa kabla ya wakati, unaingia ukomo siku hiyohiyo, na dalili huwa kali kwa sababu mwili haukupata mpito. Wengi hawajui walitolewa nini. Tafuta karatasi ya upasuaji au rudi uliko­pasuliwa ukaulize. Ni haki yako kujua.

## Chumbani

13. Tendo linauma kama wembe. Mume anaona simtaki tena.

Hili ndilo swali la kwenye kitasa cha mlango. Mwili uliochanika mara moja hukumbuka: safari inayofuata misuli inajikaza yenyewe kabla hujaguswa, na kukaza huko kunaongeza maumivu. Mume anaona mke kageuka ukutani, anajijazia mwenyewe sababu. Wapo walioletewa mke wa pili kwa tatizo ambalo lingetibika kwa krimu ya miezi mitatu.

Acheni kuingiliana kwa muda mpaka ngozi ipone, msiache kugusana. Tumieni jeli nyingi kuliko mnavyodhani inatosha, na matayarisho marefu, maana damu sasa inachelewa kufika. Mke achague mkao anaoweza kuutawala yeye. Kama kumweleza mume ni kugumu, njoo naye. Wanaume wengi wakielezwa kwamba ni ngozi na homoni, hawakukataliwa, mabega yanashuka palepale. Kwa ngozi yenyewe, nenda swali la 15.

14. Bado naweza kushika mimba? Na kondomu za nini umri huu?

Katika mpito, ndiyo. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango hadi mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kama umepita miaka 50, na miaka miwili kama hujafika. Kondomu hazina kikomo cha umri: ngozi nyembamba huchubuka kirahisi.

## Tiba

15. Estrojeni ya ukeni ni nini na inatumiwaje?

Ni homoni ileile kwa kiwango kidogo sana, inayowekwa pale penye tatizo. Ipo ya krimu, ya vidonge vidogo vya kuweka ukeni (kimoja huwa na mikrogramu 10 za estradioli), na pete laini inayobadilishwa kila miezi mitatu. Krimu na vidonge kwa kawaida huwekwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu huanza baada ya wiki chache, na ni vizuri kuipa miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Ukiacha, ukavu unarudi, kwa hiyo wengi huendelea nayo.

Inahitaji cheti cha daktari, na duka dogo la dawa la mtaani huenda hutaipata. Uliza famasi kubwa au hospitali ya rufaa. Pete ni adimu zaidi kwetu.

16. Homoni si zinaleta saratani?

Hofu hii ilianzia Marekani mwaka 2002, utafiti mkubwa wa wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya estrojeni na projestini (homoni ya pili, inayoulinda ukuta wa kizazi) uliposimamishwa baada ya saratani ya titi kuonekana kuongezeka. Vile vilikuwa vidonge vya kumeza vinavyozunguka mwili mzima. Onyo likabandikwa kwenye bidhaa zote, hata krimu ya ukeni ambayo haikuwamo kwenye utafiti. Kwa kiwango kidogo cha ukeni, inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, na hata mwenye kizazi hahitaji kuongezewa projestini. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuliondoa onyo hilo. Ukilikuta kwenye karatasi ya boksi, usiitupe dawa kabla hujaongea na daktari.

17. Niliugua saratani ya titi.

Anza na jeli ya unyevu na ya kulainisha. Zisipotosha, uamuzi wa estrojeni ya ukeni ufanywe pamoja na daktari wa saratani, hasa kama unatumia anastrozoli au letrozoli. Usiazime krimu ya jirani.

18. Nimefunga Ramadhani. Niweke dawa?

Weka usiku baada ya futari. Dawa hizi ni za usiku hata hivyo, na kwa kufanya hivyo huhitaji kuingia kwenye tofauti za wanazuoni.

19. Nimeona mtandaoni laser ya "kurudisha usichana".

Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya mashine hizi baada ya taarifa za kuungua na makovu. Mwaka 2021 utafiti wa Australia ulilinganisha laser na igizo lake, yaani mashine kuwekwa bila kutoa tiba, na laser haikushinda. Pesa hiyo inanunua krimu ya muda mrefu.

## Yasiyo ya kawaida

20. Nimeona damu, na hedhi ilikoma zamani.

Nenda hospitali wiki hii, hata kama ni tone, hata kama ilikuwa mara moja. Mara nyingi ni ukavu au uvimbe mdogo usio na madhara. Lakini kati ya wanaotokwa damu baada ya ukomo, takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi, na kwetu saratani ya mlango wa kizazi nayo ni nyingi. Usiiite "hedhi imerudi". Waliokulia maeneo ya kichocho cha mkojo, kama Unguja na Pemba, wamtajie daktari: mayai ya kichocho yanaweza kuacha vidonda vinavyovuja damu kwa miaka.

21. Mashavu ya uke yana weupe na yananiwasha usiku.

Ngozi nyeupe, inayokunjamana kama karatasi, yenye muwasho mkali wa usiku, inaweza kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi. Hauambukizi. Hutibiwa kwa krimu kali ya steroidi kama klobetasoli, kwa mpangilio wa daktari, na hufuatiliwa maana kwa wachache hugeuka saratani. Krimu ya fangasi haiugusi.

22. Kuna kitu kinashuka ninapobeba ndoo.

Huenda ni kizazi au kibofu kimeshuka. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yale ya Kegel, husaidia kikiwa kimeshuka kidogo. Kaza kama unayezuia upepo, hesabu hadi tano, legeza. Zaidi ya hapo kuna pete ya kuzuia inayowekwa ukeni, au upasuaji. Ukavu ukitibiwa, pete hiyo inavumilika vizuri zaidi.

23. Nilipigwa mionzi ya mlango wa kizazi.

Mionzi huzima ovari na kuacha makovu yanayoweza kuufunga uke. Ulizia vipanuzi vya uke, jinsi na muda wa kuvitumia, kabla makovu hayajashikana. Vinatumika hata na asiye na mume, ili uchunguzi wa baadaye uwezekane.

24. Bado nipimwe mlango wa kizazi? Kile chuma cha kufungulia uke kinaniumiza.

Kama hujawahi kupimwa, umri haukuondolei. Ila kipimo cha kupaka siki na kuangalia kwa macho hakifai sana baada ya ukomo, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana hurudi ndani. Uliza kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Hicho hata wewe mwenyewe unaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti, bila chuma.

Chuma kikihitajika, kojoa kwanza, omba kidogo kabisa, kipashwe joto kwa maji, na useme "simama" wakati wowote. Aliyekeketwa aseme mapema ili mpimaji ajiandae. Wengine huandikiwa estrojeni ya ukeni kwa wiki mbili au tatu kwanza, kisha hurudi kupimwa. Yule mama wa mfuko wa rambo tulimfanyia hivyo.